Mzee, Wewe Shika Tochi

Kama umelelewa na baba anayependa kujitengenezea vitu mwenyewe, hii unaijua. Saa mbili usiku, gari limekataa kuwaka, baba ameinama kwenye injini na spana, na wewe ndiye wa tochi. Kila baada ya dakika mbili unasikia: "Wamulika wapi wewe? Hapa! Hapa nakwambia! Ama huo ukuta ndio ulioharibika?"

Wengi wetu tulitoka pale tukiwa tumejifunza kitu kimoja tu: kwamba hatujui kushika tochi.

Leo nataka kusema jambo ambalo wazee wengi wa hapa Mombasa hawatalipenda. Mtoto wako akikwambia anataka kufufua gari la zamani, mpe spana. Tochi shika wewe.

Haya mawazo yameanzia mtaani kwetu, Kibokoni. Jirani yetu ana Pijo 504 iliyokuwa ya marehemu baba yake. Imekaa chini ya turubai miaka mingi, paka wamezaa humo mpaka wana wajukuu. Watu wa chuma chakavu wamekuja mara tatu, wanataka kuinunua kwa kilo. Mara ya tatu mzee alikuwa karibu kukubali. Mtoto wake, ana miaka 16, akatoka mlangoni akasema, "Baba, usiuze. Ntaitengeneza mimi."

Barazani kulichekwa siku nzima. Mmoja akasema kwa pesa hizo si bora wakatafute Probox. Mwingine akasema ngoja aone bei ya spea, atarudi kwa simu yake. Na mwingine, akijua kabisa mimi nipo pale na kikombe changu cha kahawa, akasema, "Mwacheni asome, asije akawa kama yule wa video."

Yule wa video ni mimi. Niliacha chuo, natengeneza video, na mtaa mzima unajua. Sawa. Sasa na mimi niseme.

Kwanza nilitetee gari lenyewe. Vijana wengi wakisikia Pijo wanafikiria mizee ya zamani na moshi. Muulize mamako. Pijo za nyuma ndefu ndizo zilizokuwa zikibeba watu safari za mbali kabla hatujazoea Nissan. 504 ilitoka Ufaransa 1968, na baadaye zikawa zinaunganishwa hapa hapa Kenya. Safari Rally, enzi zile inashuka mpaka Mombasa, 504 iliishinda 1975 na 1978. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshaichukua 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Hilo ndilo gari linalolaliwa na paka mtaani kwetu.

Halafu kuna hesabu. Kwa kawaida Kenya huruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8. Maana yake 504 zilizobaki nchini ndizo hizo hizo. Kila moja inayokatwa na kupelekwa kuyeyushwa, imekwenda. Haiji nyingine kwa meli.

Lakini sikuandika haya kwa sababu ya bati. Nimeandika kwa sababu ya DX.

Nilipokuwa na miaka 17, baba alinunua Corolla DX kuukuu. Akaniambia hii ni yetu sote, tutaitengeneza pamoja. Usiku ule sikulala. Wiki ya kwanza nilishika spana kweli. Nikafungua nati moja kwa pupa, ikaliwa meno. Baba akaninyang'anya: "Lete hapa, utaniharibia."

Hakusema kwa ubaya. Yeye alikuwa anajua na ana haraka, mimi sijui na nina mikono mizito. Nikarudi kwenye tochi. Nikakaa kwenye tochi miezi saba. Rangi alichagua yeye, maruni. Viti alichagua yeye. Gari likatoka zuri, wallahi, watu walikuwa wanasimama kuliangalia. Na kila aliyesimama, baba alimwambia, "Nimetengeneza na mwanangu."

Nikapata leseni. Siku ya kwanza natoka peke yangu, likanizimikia katikati ya Nyali Bridge, saa kumi na moja jioni. Honi nyuma, tuktuk zinanipita huku abiria wamenitolea macho. Nikafungua boneti. Nikaiangalia ile injini kama mgeni aliyepotea vichochoro vya Mji wa Kale, kila upande naona njia na hakuna inayotoka. Gari la miezi saba ya maisha yangu, na sijui nianzie wapi. Nikampigia baba. Akaja na tuktuk, akasukuma waya wa koili uliolegea, likawaka. Hata dakika haikuisha. Hakunigombeza. Alicheka, akanipiga bega, akaliendesha yeye mpaka nyumbani.

Mwaka uliofuata DX ikauzwa, pesa zikaenda kwa ada ya chuo. Kozi pia alichagua yeye. Nikasoma mihula mitatu, wa nne nikaacha. Watu wakiniuliza sababu, huwa nawapa jibu fupi ili waniache. Jibu refu linaanzia pale darajani. Mihula yote ile nilikuwa nimeshika tochi kwenye maisha ambayo mtu mwingine ndiye anayatengeneza, nikajua ipo siku yatanizimikia njiani na sitajua nifungue wapi.

Simlaumu baba. Ada ile ilikuwa jasho lake. Na wewe unayesoma, sikwambii uache shule, usije ukanitaja nyumbani kwenu. Nasema tu kwamba kuna msaada unaokuachia mikono safi na kichwa kitupu, na mzazi anaweza kuutoa kwa mapenzi yote.

Sasa mtaniuliza, kama hashiki spana, mzazi anafanya nini? Kazi anayo tele.

Makaratasi ni yake. Logbook ya ile Pijo ina jina la marehemu. Kuihamisha kunataka hati za mirathi, na kwa familia nyingi za huku kwetu hiyo ni safari ya Mahakama ya Kadhi, baada ya kukaa na mashangazi na maami wote wakubaliane. Mtoto wa miaka 16 hawezi kuwakalisha kikao watu wazima. Babake anaweza.

Pesa ni zake, lakini kwa kiasi kinachojulikana. Jirani yetu anatoa fungu moja kila mwisho wa mwezi, basi. Mwezi huu betri ama tairi? Kijana aamue. Akinunua taa za urembo kabla ya betri, mwezi mzima ataangalia taa ambazo haziwaki. Hilo ni somo na halina mwalimu.

Kujuana ni kwake. Mafundi wazee wa Pijo bado wapo, wengine wamestaafu wanakaa barazani, na baba ndiye anayejua nyumba zao. Spea isipopatikana Mombasa, kuna Kirinyaga Road kule Nairobi, inatumwa kwa basi. Isipopatikana kabisa, inachongeshwa.

Na usalama ni wake. Hapa mzazi anyang'anye spana na asiombe msamaha. Hakuna mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hakuna sigara karibu na petroli. Breki ziangaliwe na fundi wa kweli kabla gari halijasogea hata hatua mbili. Na leseni ya gari ni miaka 18, kwa hivyo kijana ana miaka miwili mbele yake, asiharakishwe na yeyote, hata na marafiki zake.

Yaliyobaki, mwache akosee.

Nimeona kwa macho yangu inavyokuwa. Kijana wetu, kama vijana wote, alitaka kuanza na rangi. Babake alifungua mdomo, akaufunga. Akaingia ndani, akarudi na sumaku ndogo ya mlango wa friji, akampa. Kijana akaipitisha mlangoni mwa gari. Inanasa, inanasa, inanasa, mara ikaanguka. Akajaribu tena pale pale, ikaanguka tena. Maana hapo si bati, ni fila iliyopakwa rangi juu, na nyuma ya fila kuna kutu. Sisi tunaishi na upepo wa bahari, chumvi haina likizo. Jioni ile alipata sehemu nne kama hizo, akazizungushia chaki. Halafu mwenyewe akasema, "Rangi itakuwa mwisho."

Babake angeweza kumwambia maneno hayo mwanzo kabisa, na kijana angeyasahau kabla ya Magharibi.

Joginder Singh mnamjua? Kama hamumjui, babu zenu wanamjua. Alizaliwa Kericho 1932, akaanzia ufundi kwenye gereji ya babake. 1965 akaishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na wengine kabla haijafika kwao. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Mimi nikikumbuka aibu yangu ya Nyali Bridge, namuwaza yeye na ndugu yake usiku wa matope, huko maporini, gari limeanza kukohoa. Pale hakuna kumpigia baba. Unachokijua ni kile ulichowahi kukifungua kwa mkono wako.

Juzi baada ya Isha walijaribu kuiwasha ile Pijo kwa mara ya kwanza. Kijana alikuwa ametoa plagi siku nyingi kabla, akadondosha oili kidogo ndani ya silinda, akawa anaigeuza injini kwa mkono pole pole kila jioni mpaka ikalainika. Akasugua pointi kwa msasa. Betri mpya. Baraza lote limesimama. Babake ana tochi, na unaona kabisa ana neno linamwasha kooni, midomo inacheza, analimeza.

Mara kijana, kichwa kikiwa ndani ya boneti, akapaza sauti: "Baba, wamulika wapi? Hapa!"

Kibokoni nzima ikaangua kicheko. Mzee mwenyewe alicheka mpaka tochi ikatetemeka.

Gari halikuwaka. Lilikohoa mara mbili likanyamaza. Kijana akafuta mikono, akasema, "Petroli haifiki. Kesho nafungua kabureta." Hakuna aliyemwambia.

Baba yangu alikuwa anarudi msikitini, akasimama kando yangu. Tukaangalia kimya, maana mimi na yeye siku hizi maneno yetu ni ya salamu na chakula. Baadaye akaniuliza, bila kunigeukia, "Ile DX. Wewe ulikuwa wataka rangi gani?"

"Manjano."

Akaguna. "Manjano," akasema, kama mtu anayeionja. Tukaenda nyumbani.

Wazee wetu, shikeni tochi. Na mkifokewa kwamba mnamulika vibaya, vumilieni. Sisi tulivumilia.