Mihogo ya Butiama Haisubiri Saini: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KOMPYUTA KUU YA PAMOJA TUSIYOIFIKIA MKOANI MARA

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nina uchungu.

Niliomba muda kwenye kompyuta kuu inayotumiwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya ukanda huu. Chuo kinachoitunza sitakitaja. Nilikuwa na data za vinasaba vya majani ya mihogo niliyochuma Butiama na Bunda, nikitaka kujua ni mashamba yapi yana virusi vya michirizi ya kahawia. Laptopu yangu haimudu uchakataji huo. Fomu ikakaa ikisubiri saini. Nilipofunguliwa akaunti, mvua za vuli zilikuwa zimeshanyesha na wakulima wameshapanda.

Walipanda bila majibu, Mheshimiwa. Ugonjwa huu unaujua: mmea waweza kuonekana mzima juu, chini mihogo imeoza. Mkulima hawezi kuubaini kwa kutazama pingili, na pingili huuhamisha toka shamba hadi shamba. Waliniachia majani yao wakiamini nitawaambia wapi pa kukata mbegu safi. Walipanda bila majibu, na watakaokosa udaga ni wao.

Mimi nimelipia ada ya mwaka wa ziada. Ufadhili wangu umekwisha.

Niliambiwa kipaumbele ni watafiti wa chuo chenye mashine. Hiyo si mali ya pamoja. Afrika Kusini ina kompyuta kuu ya Lengau pale Cape Town tangu 2016, na watafiti wa vyuo vya mbali huitumia kwa mtandao bila kusafiri. Nasi tumekopa dola milioni 425 Benki ya Dunia kwa mradi wa elimu ya juu wa HEET, na Butiama imepata chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Majengo pekee hayatoshi. Kila chombo kikubwa cha taifa hili kikiwekwa mjini, wa mikoani tunageuzwa waombaji.

Tunaomba haya: foleni ya kazi iwe wazi kwa kila chuo, muda maalumu utengwe kwa vyuo vya mikoani, maombi ya utafiti wa mazao yajibiwe kabla ya msimu, na kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Agizo lako litoke kabla ya vuli ijayo, wakulima wasipande tena bila majibu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtafiti wa mazao, Musoma