Maoni: Mkimbizi aulizwe pia mikono yake inajua kufanya nini

Mtu akikimbia vita na kufika mahali penye usalama, maswali ya kwanza yanajulikana. Jina lako nani? Umetoka kijiji gani? Muko watu wangapi? Maswali hayo ni ya lazima, maana bila orodha hakuna unga wala shitingi. Lakini kuna swali moja ambalo karibu halisikiki: mikono yako inajua kufanya nini? Na kama mtu akijibu kwamba anachonga visanamu vya kuchekesha, au anachora watu wenye masikio makubwa kama majani ya tumbaku, wengi watacheka na kumwita anayefuata kwenye mstari.

Hapo ndipo tunapoteza kitu. Maisha ya George Lilanga, mchongaji na mchoraji wa Tanzania, yanaonyesha ukubwa wa hasara hiyo.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, katika kabila la Wamakonde. Hao ni watu waliogawanywa na mto Ruvuma: upande mmoja Tanzania, upande mwingine Msumbiji. Watu wa Kivu wanaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa, kwa sababu hapa pia kuna familia ambazo mjomba yuko ng'ambo hii ya mto na shangazi yuko ng'ambo ile. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Kisha vita vya kudai uhuru wa Msumbiji vikaanza mwaka 1964 na kudumu miaka kumi, na wengine wengi wakavuka wakiwa wakimbizi. Walifika bila mali. Walichobeba bila kupekuliwa mpakani ni ufundi wa kuchonga.

Kijana Lilanga alianza kwa mizizi ya mihogo, kitu laini ambacho mtoto yeyote anaweza kukikata kwa kisu kidogo. Baadaye akashika mpingo, mti mweusi na mgumu wa Wamakonde. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa tayari mchongaji katika Nyumba ya Sanaa, kituo cha mafundi kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1972. Kazi ambayo Lilanga alipata pale haikuwa ya usanii. Alikuwa mlinzi wa usiku.

Msomaji asipite haraka hapo. Mtu ambaye leo kazi zake zimo katika makusanyo makubwa ya Ulaya alianza kwa kulinda mlango wa wenzake. Kilichomsaidia ni kwamba nyuma ya mlango ule kulikuwa na vyombo, rangi, na watu ambao hawakumwambia kwamba mlinzi hana haki ya kushika brashi. Pale pale alijifunza kuchora kwenye ngozi za mbuzi, kutengeneza batiki, na kuweka michoro yake kwenye chuma. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Marekani. Kisha akawa msanii wa kujitegemea, na vijana wakaja kujifunza kwake.

Na alichonga nini? Viumbe vya ajabu. Matumbo yametokeza, midomo mikubwa, masikio yametanuka, vidole viwili au vitatu tu kwenye mkono. Alivichonga kwa mti mwepesi kisha akavipaka rangi kali, nyekundu, njano, buluu. Viumbe hao wanafanya kile ambacho sisi wote tunafanya: wanabeba maji, wanagombana, wanacheza ngoma, wanasengenya, wanampeleka mgonjwa kwa daktari. Kazi nyingi alizipa majina marefu ya Kiswahili, kama maneno ambayo mtu angesikia sokoni. Mtazamaji anacheka kwanza. Halafu anatambua kwamba yule mwenye tumbo kubwa anafanana na jirani yake, au na yeye mwenyewe.

Wamakonde wanawaita viumbe hao mashetani. Neno hilo litawashtua waamini wengi wa hapa, na mashaka yao yanastahili jibu. Katika uchongaji wa Wamakonde, shetani ni kiumbe wa hadithi, mwenye mchezo na ujanja, kama vile sungura na fisi katika hadithi za jioni. Mtindo huo ulijulikana tangu miaka ya 1950, na wengi wanasema aliyeuanzisha ni mchongaji Samaki Likankoa. Katika mikono ya Lilanga, mashetani wakawa watu wa mtaani tu. Tena miongoni mwa walioanzisha Nyumba ya Sanaa alikuwemo mtawa Mkatoliki, Sista Jean Pruitt. Hakuyaogopa masikio makubwa yale. Aliona mafundi wanaohitaji mahali pa kufanyia kazi.

Kuna pingamizi lingine, na ni zito zaidi. Watasema: watoto wana njaa, kipindupindu kinarudi kila masika, na nyinyi munazungumza juu ya sanamu za kuchekesha? Ni kweli, chakula kwanza, maji kwanza, dawa kwanza. Hakuna mwenye akili atakayebishana na hilo. Lakini maisha ya ukimbizi hayaishi kwa wiki mbili. Kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita. Mtoto aliyezaliwa humo wakati ule leo ni mzazi. Hapa nyumbani kuna familia zilizohama mara tatu, mara nne, kutoka kijiji hadi kambi, kutoka kambi hadi kwa familia zilizowapokea. Mtu hawezi kungoja miaka thelathini akipewa unga tu. Siku zote hizo mikono inafanya nini?

Jibu tunaliona kila siku, ila hatulihesabu. Watoto wanafinyanga ng'ombe wa udongo. Wanatengeneza magari kwa waya na chupa za plastiki, na vichukudu vidogo vya mbao vinavyoteremka mlima kweli kweli. Wengine wanachora kwa makaa kwenye ukuta wa shule, na mara nyingi wanachapwa kwa sababu hiyo. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua huchora pia jogoo aliyevaa kofia. Ni vibaya kumwambia kwamba anapoteza wakati. Kicheko kile ni sehemu ya uzima wake ambayo vita havikuweza kuchukua.

Wengine husema sanaa inataka pesa, na sisi hatuna. Bodys Isek Kingelez, Mkongomani aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alijenga miji mizima ya kuwaziwa kwa katoni, karatasi, makopo na vifuniko vya chupa. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA, huko New York, lilimfanyia maonyesho makubwa. Chéri Samba naye alianza kama mchoraji wa vibao vya maduka mjini Kinshasa, kabla dunia haijamjua. Vitu walivyoanza navyo vinapatikana Goma, Bukavu na Uvira. Kinachokosekana ni mahali na heshima.

Hata hivyo tusidanganyane. Si kila mtoto anayefinyanga udongo atakuwa Lilanga, na maisha ya msanii wa kujitegemea hayana mshahara wa mwezi. Lilanga mwenyewe alimaliza maisha yake akiwa mgonjwa wa kisukari, ugonjwa uliomnyang'anya uwezo wa kutembea, na wanafunzi wake ndio waliomsaidia kuendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 2005. Kazi zake zinauzwa kwa bei kubwa katika minada ya Ulaya, lakini wachongaji wengi wa Kimakonde wameuza sanamu zao kwa wafanyabiashara bila jina lao kuandikwa popote. Jina la mnunuzi linajulikana, la fundi limepotea. Jambo hilo hilo linatokea hapa: kinyago kinanunuliwa kwa franka chache kando ya barabara, kinauzwa kwa dola mahali pengine, na aliyekichonga hajui kimefika wapi.

Kwa hiyo madai ya maoni haya ni madogo, na hayahitaji mkutano wa kimataifa.

Kwanza, kwenye orodha ya wakimbizi iongezwe safu moja: ufundi. Mshonaji aandikwe, seremala aandikwe, na mchongaji wa vichekesho aandikwe vilevile, bila mtu kumcheka.

Pili, parokia, mashirika na shule zenye chumba kinachobaki bila kazi mchana zikifungue, hata kwa siku mbili kwa wiki. Mwenye ufundi akae humo na visu vyake, na watoto wamzunguke. Nyumba ya Sanaa ilikuwa hivyo kwa Lilanga: mlango ambao mlinzi aliruhusiwa kuuingia.

Tatu, anayenunua kazi ya mkono aulize jina la fundi na aliandike chini ya sanamu. Kuandika jina hakugharimu kitu, na fundi mwenye jina anaweza kutafutwa tena, akalipwa tena.

Na nyinyi wazazi, hasa nyinyi muliofika juzi na bado munatafuta pa kulala, mtoto akirudi na kiumbe cha udongo chenye masikio makubwa na vidole viwili, musimwambie akitupe. Muulizeni kinaitwa nani. Atakuwa na jibu, na huenda jibu hilo likawachekesha kwa mara ya kwanza tangu mutoke nyumbani.