Muziki wa Uani



Katika mkutano wetu uliopita tulijadiliana kwa muda mrefu juu ya akiba ya kikundi: inunue bafle mbili mpya, ama itengeneze magitaa matatu yaliyovunjika? Wengi walisema kwamba pasipo bafle hakuna atakayekuja kutusikiliza. Mimi nilinyamaza siku ile, na ninajuta. Kwa hiyo ninajibu hapa.

Muziki ulionigusa kuliko wote niliusikia matangani, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi. Umeme ulikuwa umekatika. Uani, chini ya turubai, mzee mmoja jirani aliketi juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, akapiga gitaa lenye nyuzi tano tu. Hatukuzidi watu thelathini. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia kucha zake zikigusa nyuzi, na pumzi aliyoivuta kabla ya kila ubeti. Alipokosea, alitabasamu, akarudia. Mjane, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliitikia kwa sauti ndogo, nasi sote tukamfuata. Baadaye nimekwenda pia kwenye tamasha za uwanjani (siwacheki waliolipa, maana nami nililipa). Huko niliona migongo ya watu, na kusikia mtikisiko kifuani.

Tusidhani kwamba mahali padogo huzaa muziki mdogo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika ya Kusini, alimkuta kijana Mwenda wa Bayeke akipiga gitaa barabarani huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Barabara ndiyo iliyokuwa jukwaa lake. Wimbo wake Masanga, aliourekodi Tracey, hadi leo wapiga gitaa wa mabara mengine hukaa chini kuusoma, kidole kwa kidole. Kule Kinshasa, Staff Benda Bilili, ambao wengi wao walilemazwa na polio, walifanya mazoezi katika bustani ya wanyama. Humo humo walirekodi nyimbo za albamu yao ya mwaka 2009, kisha wakazunguka Ulaya.

Mwenzetu mmoja atanijibu kwamba pasipo chombo cha Tracey tusingemjua Mwenda. Ni kweli. Lakini chombo kilimkuta amekwisha kuwa fundi. Mkono ule ulifunzwa mahali ambapo msikilizaji alisimama hatua mbili tu, akiweza kuondoka wakati wowote. Bafle huficha mkono mzito. Uani haufichi kitu, na hapo ndipo tunapoogopa.

Gitaa moja kati ya yale matatu linahitaji nyuzi mbili na gundi kwenye shingo. Fundi wa karibu na soko ameniambia ni kazi ya siku moja, nami nimekwisha kumpelekea. Jumapili alasiri nitakuwa nyuma ya chumba cha katekisimu, chini ya mwembe, pamoja na benchi mbili. Watakaokosa nafasi watasimama.