BANDO MOJA, VIFAA VIWILI

Naishika kalamu kuzungumzia jambo lililozua ubishi mkali bwenini tangu tulipofungua shule. Je, wakati wa likizo, mwanafunzi mwenye kishikwambi anunue bando lake mwenyewe, au atumie intaneti ya simu ya mzazi? Kuna wanaosema ati kuomba intaneti ni aibu. Mimi nasema kugawana ni uchumi mzuri, mradi anayepewa awe na adabu. Akikosa adabu, atakayelipa ni mzazi. Najua, kwa maana yalinifika.

Kwa wale ambao hawajajaribu, mambo ni rahisi. Simu yenye bando ina hotispoti. Ukiiwasha, hutoa waifai, na kishikwambi kikipewa nywila huingia mtandaoni kupitia simu hiyo. Hata kishikwambi kisicho na mahali pa kutia laini, kama hiki changu nilichoachiwa na mjomba, hufanya kazi.

Sasa pesa huokolewa wapi? Wengi hukosea hapa. Video ya somo la Kemia hula megabaiti zile zile, uwe umetumia bando lako au la mama. Faida iko kwingine. Mabando mengi ya bei ya chini yana muda wake: saa 24, ama siku 7. Muda ukiisha, kilichobaki kimekwenda na maji. Ukinunua mawili, mabaki yanatupwa mara mbili. Isitoshe, mara nyingi bando kubwa huwa nafuu kuliko madogo mawili, sawa na unga wa pakiti na ule wa kupimiwa dukani. Kwa hiyo mama akitoa shilingi 50 nami nikatoa 50 zangu, tukanunua moja la pamoja, tunapata zaidi na kumwaga kidogo. Si wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa?

Lakini ngojeni niwasimulie. Mama yangu ni fundi cherehani. Wateja humtumia picha za mishono kwa simu. Likizo ya Aprili aliniwashia hotispoti jioni nisome Biolojia. Nikasoma, usingizi ukanichukua, hotispoti ikawaka usiku kucha. Jameni! Kishikwambi kikiona waifai hudhani ni ya bure isiyokwisha. Kikaanza kujisasisha chenyewe, programu moja baada ya nyingine. Kufikia alfajiri bando la juma zima lilikuwa limekwisha, na hata salio la kupigia simu limeliwa.

Asubuhi hiyo mteja alituma ujumbe: gauni la kitenge alitaka liwe la mikono mirefu, si mifupi tena. Ujumbe haukufika. Mama akakata kitambaa kama walivyokuwa wamepatana. Mchana mteja alipokuja, kitenge hakikutosha, na mama, kwa kulinda jina lake, alinunua kingine kwa pesa zake. Hakunichapa wala hakunigombeza. Alinyamaza tu, akaendelea kushona. Kimya kile kiliniuma kuliko kiboko.

Tangu siku hiyo nina sheria zangu. Kwanza, nimeingia kwenye mipangilio ya kishikwambi nikauweka mtandao wa mama kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo, nikazima kujisasisha. Pili, video za masomo nazitazama kwa ubora wa chini. Ubao unasomeka vizuri tu. Ikiwezekana, naipakua mara moja nikairudia hata mara tano bila gharama. Tatu, nikimaliza, hotispoti inazimwa pale pale, kwa sababu pia hula betri ya simu, na simu ya mama ni duka lake. Nne, nywila haipewi jirani wala rafiki. Mwisho, naandika daftarini tulianza na kiasi gani na tumebaki na kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenzangu wa upande wa pili watasema, "Basi si afadhali kila mtu awe na lake, pasiwe na lawama?" Hoja hiyo ina uzito kwa wenye uwezo. Lakini kwa nyumba nyingi tunakotoka, bando la pili ni sukari iliyokosekana. Kishikwambi ni mgeni kwenye simu ya mzazi, na mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe ndizo hizo sheria.

Nilipomwambia mama kwamba sitaiomba hotispoti tena, alicheka. "Hotispoti haina makosa, mwanangu," akasema. "Aliyelala ni wewe."

Mwenye masikio na asikie.

— Mwanachama, Kidato cha Tatu