Mboga ya Nyuma ya Jiko Haihitaji Sumu

NYUMBA NA BUSTANI
Na Rehema Mshana

Mchicha huwa tayari kuchumwa wiki tatu hadi nne baada ya mbegu kuingia ardhini. Matembele na sukuma wiki huchumwa kila baada ya siku chache, mwezi hata mwezi. Sasa chukua chupa yoyote ya kiuatilifu usome kibandiko chake. Utakuta pameandikwa siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Zipo dawa za siku chache, zipo za wiki moja, zipo za wiki mbili. Mama anayechuma mboga ya jioni kwenye tuta la nyuma ya jiko hana wiki mbili za kusubiri. Mboga ya namna hiyo na dawa ya namna hiyo haviendani, na hakuna ustadi wa kupulizia utakaovipatanisha.

Mambo huwa mabaya zaidi dawa inapouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji au ya soda. Kibandiko kimebaki dukani, na mnunuzi anaondoka bila kujua jina la dawa, kipimo, wala siku za kusubiri. Wapo pia wanaonyunyiza kwenye mboga unga wa kuulia mende, kwa kuwa tayari umo ndani ya nyumba. Halafu majani yaleyale yanakatwakatwa, yanaungwa kwa nazi, na watoto wanakula.

Msimamo wangu ni kwamba bustani ya nyumbani na maua ya barazani vinaweza kulindwa bila tone la sumu ya dukani, kwa gharama ndogo mno, mradi tufuate mpangilio: tuanze na macho, tufuatishe mikono na maji, kisha sabuni, na mwarobaini uje mwisho.

Macho kwanza, kwa sababu wadudu wengi wanaofyonza mimea hukaa upande wa chini wa jani. Chukua vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Jike lao huzaa bila kupandwa, huzaa watoto hai badala ya kutaga, na kukiwa na joto watoto hao nao huanza kuzaa baada ya kama wiki moja. Aliyegeuza majani Jumatatu akakuta kikundi kimoja anakiponda kwa vidole na kazi imekwisha. Aliyesubiri mpaka majani yajikunje anakabiliana na ukoo mzima. Kugeuza majani mara mbili kwa wiki ni dawa isiyouzwa, ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Maji nayo yana nguvu tusiyoithamini. Ukiwamwagia vidukari maji ya kasi kwenye sehemu ya chini ya jani, wanaanguka, na wengi hawarudi tena juu. Utitiri, wale wadudu wadogo kama vumbi wanaofuma utando chini ya majani ya nyanya na mapapai, hustawi kwenye ukavu na vumbi, kwa hiyo kuosha majani huwaharibia makazi. Tazama pia sisimizi. Ukiwaona wanapanda na kushuka kwenye shina, jua kuna kitu wanachokifuata: vidukari hutoa majimaji matamu, sisimizi huyanywa, na kwa malipo hayo huwafukuza wadudu wanaokula vidukari. Wazuie sisimizi wasipande na utakuwa umewaondolea vidukari walinzi wao.

Maji yakishindwa, chukua sabuni. Vijiko viwili vya chai vya sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji vinatosha, au kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichokwanguliwa na kuyeyushwa. Sabuni ya unga ya kufulia iache, ni kali na huunguza majani. Weka mchanganyiko kwenye ile chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, kisha lowesha jani juu na chini. Sabuni huharibu ngozi ya mdudu mwenye mwili laini, akakauka. Inamuua yule tu iliyemgusa ikiwa mbichi, na ikishakauka haina kazi. Kwa hiyo puliza jioni, rudia baada ya siku nne au tano, na ujaribu kwanza kwenye jani moja uone kama mmea unaistahimili.

Mwarobaini unastahili heshima kubwa kuliko tunayoupa. Mwaka 1959, nzige walipoivamia Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kwamba miarobaini ilibaki na majani yake wakati mimea mingine imeliwa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mti huu, hasa kokwa zake, una kemikali inayomkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga kujivua kwake gamba, hata asiweze kukua. Sisi tumejaaliwa miti hiyo Pwani, Dodoma, Zanzibar na Mombasa, na kila msimu tunafagia mbegu zake na kuzichoma pamoja na takataka.

Menya kokwa zilizokauka vizuri zisizo na ukungu, twanga gramu 50 za viini kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike majani. Asiye na kokwa atwange kilo moja ya majani mabichi kwa lita tano za maji. Jua huharibu nguvu yake haraka, kwa hiyo tumia siku hiyohiyo, na jioni. Usitarajie wadudu waanguke palepale. Wataacha kula kwanza, kisha wataisha kwa siku kadhaa. Mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa, maana ule uchungu hubaki.

Hapa lazima nitoe onyo, kwa sababu kuna imani kwamba kitu cha asili hakidhuru. Maji ya tumbaku ni sumu kali. Nikotini hupenya ngozi ya mpuliziaji, na tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya. Mafuta ya taa huunguza majani. Hata pareto, ua letu la nyanda za juu, huua nyuki sawasawa na vidukari. Mwarobaini wenyewe uwekwe mbali na watoto wadogo, hasa mafuta yake. Asili ituongoze kwenye kipimo na uangalifu, isitupe kiburi.

Jambo ninalotamani kila mwenye bustani alijue ni kwamba hatuko peke yetu katika vita hivi. Zanzibar, katika miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionyesha jinsi majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanavyoulinda mnazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika. Na kidung'ata cha muhogo, mdudu anayefyonza mmea huo, kilipoingia Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1970 na kutishia chakula cha mamilioni ya watu, kilichokizima hakikuwa dawa. Alikuwa nyigu mdogo kutoka Paraguay anayetaga mayai ndani ya kidung'ata, aliyeachiliwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Sumu ikipulizwa kwenye bustani, wasaidizi kama hawa ndio hufa, na vidukari, kwa kasi yao ya kuzaa, hurudi kabla yao. Acha mashina machache ya giligilani yatoe maua. Manyigu wadogo hupata chakula hapo, na watakufanyia kazi bila mshahara.

Kwa maua ya ndani kazi ni rahisi zaidi. Vidung'ata, vile vyeupe kama vipande vya pamba kwenye makutano ya jani na shina, vifute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Vidudu vyeusi vinavyoruka juu ya chungu vinakuambia kwamba unamwagilia kupita kiasi. Acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena.

Sisemi mwenye ekari kumi za nyanya apambane na kantangaze, mdudu hatari wa nyanya, kwa chupa ya sabuni. Huyo anahitaji afisa ugani na mpango mzima wa shamba. Nasemea mamilioni ya matuta madogo ya mijini, ambayo hakuna bwana shamba anayeyatembelea na yanayolisha familia kila jioni. Halmashauri zetu ziwafikie wenye matuta hayo kwenye mikutano ya mitaa. Shule zifundishe watoto kutambua mdudu rafiki na mdudu adui. Maduka ya pembejeo yauze kokwa za mwarobaini zilizokaushwa vizuri, na dawa ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na kibandiko ipigwe marufuku kwa vitendo, mkaguzi aingie dukani aiondoe.