Sauti ya Mufasa na Kimya Chetu

James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93, tunamjua kwa sauti yake: Mufasa, Darth Vader. Lakini utotoni, huko Michigan, alikuwa na kigugumizi, akanyamaza miaka kama minane. Mwalimu wake wa Kiingereza ndiye aliyemtoa kimyani: alimtaka asimame darasani akariri shairi alilolitunga mwenyewe.

Sisi nasi tunanyamaza. Bibi akipiga simu, tunamjibu kwa Kiingereza kwa kuionea haya lafudhi yetu. Hapa klabuni, mwenzetu akikosea ngeli, tunacheka. Jamani, tuache. Kigugumizi hakikumwacha Jones maisha yake yote, na bado aliongea. Anayesema "kitabu yangu" leo asichekwe. Kesho atasema "changu". Aliyenyamaza hatasema lolote.