Mwenye Zahanati na Mwenye Dhamana

BARAZA LA IJUMAA
Na Omari Mwinyihaji

Juma lililopita mjukuu wangu alishikwa na homa, nikampeleka zahanati ya Serikali iliyo jirani, nikamkuta muuguzi mmoja amezungukwa na kinamama wapatao arobaini, mpole, mwenye lugha ya staha, ambaye baada ya kumsikiliza mtoto kifua alinieleza kwa masikitiko kuwa vipimo vya malaria vimekwisha tangu jana, basi nikapime nje. Nje ni ng'ambo ya barabara, katika kliniki ya mtu binafsi yenye feni na viti vya sofa. Na huko, kabla hata tone la damu halijatoka kidoleni, mtoto alikwisha kuandikiwa sindano tatu za malaria. Nilipokataa katakata mpaka apimwe, malaria haikuonekana.

Nayasema haya kwa kuwa mabishano yetu aghalabu huishia kuuliza nani bora, Serikali au mtu binafsi, ilhali nchi hii imekwisha kuzijaribu njia zote mbili: sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya biashara, ikaziachia hospitali za mashirika ya dini, na mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Hospitali ya Bugando ya Mwanza, iliyo ya Kanisa, huendeshwa kwa ubia na Serikali, wala sijamsikia mgonjwa akiuliza mshahara wa tabibu watoka mfuko gani. Tena Serikali ilipoanza, mwaka 2015, kuvipima vituo vya msingi kwa nyota, tangu sifuri hadi 5, vyake na vya wengine, vilivyo vingi katika duru ya kwanza havikufikia nyota 3 zilizotakiwa.

Anunuaye kanga huikunjua, akatazama pindo, akasoma jina, asiporidhika akairudisha. Mgonjwa hununua asichokijua, naye yu katika hofu. Kwa hiyo mtu binafsi na ajenge, alete mashine, apate na faida yake ya halali, lakini dhamana ya kushika mizani ni ya Serikali peke yake, na ambaye hajaipima nyumba yake hana uso wa kuipima ya jirani.

Naiomba Wizara nyota za kila kituo zibandikwe mlangoni, kwa herufi kubwa, zianze kubandikwa kwenye zahanati za Serikali.